Kutoka kwenye jumuiya ya dini yenye masharti makali: kipi kitangulie, kipi kifuate

Mtu anayeondoka kwenye jumuiya ya dini yenye masharti makali huku Kanda ya Ziwa, Tanzania, haachi ibada peke yake. Jumuiya ikishashikamana vya kutosha, ibada huwa imefungwa fundo moja na chumba anacholala, mzigo wa dagaa aliochukua kwa mali kauli, hisa zake kwenye kikoba (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana), ndoa yake, shule ya wanawe na watu watakaokuja kumchimbia kaburi. Wengi wanaoumia huponzwa na mpangilio: walianza na tangazo. Walisimama mbele ya kanisa, au walituma ujumbe mrefu usiku kwenye grupu la WhatsApp, na kesho yake ndipo wakakumbuka kwamba cheti cha kuzaliwa cha mtoto kimehifadhiwa kwa mzee wa kanisa, na kwamba laini ya simu yenye akiba yao yote imesajiliwa kwa jina la shemeji.

Tangazo huja mwisho. Kabla yake kuna kazi ya kimya ya miezi miwili hadi sita, na sehemu kubwa ya makala haya inahusu kazi hiyo.

Unaacha nini hasa?

Wapo wanaotaka kuacha imani yenyewe. Wapo ambao imani yao iko palepale, ila hawalitaki tena kundi. Na wapo waliochoka majukumu tu: mazoezi ya kwaya mara tatu kwa wiki, mikesha, ahadi za ujenzi zisizokwisha. Hawa hawahitaji njia moja. Wa mwisho anaweza kujiuzulu nafasi yake na kubaki muumini wa kawaida. Wa pili anaweza kuomba barua ya uhamisho kwenda kanisa jingine la dhehebu lilelile, au kuhamia dhehebu lingine bila ugomvi. Wa kwanza ndiye anayelazimika kufikiria kila kitu kilichoandikwa hapa. Inafaa kukaa na swali hili wiki kadhaa, maana mtu mwenye hasira ya michango huweza kudhani amepoteza imani, na mtu aliyepoteza imani huweza kujidanganya kwamba tatizo ni mchungaji.

Tusieleweke vibaya kuhusu neno masharti. Kutokunywa pombe, kutovaa hereni, kutopika siku ya Sabato, kujifunika, kutopeleka mtumbwi ziwani Ijumaa usiku: mtu mzima anaweza kuyakubali haya kwa hiari na kuishi nayo vizuri maisha yake yote. Hatuandiki ili kumtoa mtu kwenye imani yake. Lakini kuna mpaka, na ukivukwa hesabu inabadilika. Dalili zake ni hizi: viongozi kushika vitambulisho vya waumini, kuomba ruhusa kabla ya kwenda hospitali au kumtembelea mama mzazi, kuagizwa kuuza shamba na kuleta fedha zote, watoto kutolewa shule, mfungo usio na mwisho unaoelezwa, na maneno kwamba anayetoka atakufa. Majirani zetu wameona mwisho wa njia hiyo. Huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi moja walikufa Machi 2000, wengi wao wakiteketea ndani ya jengo la ibada. Huko Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023 katika msitu walikokusanyika waumini walioambiwa wafunge mpaka kufa. Aliye ndani ya kundi lenye dalili hizo asingoje miezi sita ya maandalizi. Aondoke na watoto wake leo, mengine atayafuata akiwa salama. Namba ya dharura ni 112, na ya kuripoti mtoto aliye hatarini ni 116, bure.

Upande wa sheria ni mfupi. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na imani na uhuru wa kuibadilisha. Hakuna kiongozi wa dini mwenye mamlaka ya kisheria ya kukuzuia kutoka, kukutoza faini ya kutoka, au kushikilia mali yako kwa sababu umetoka. Ana mamlaka ya kukuondoa kwenye orodha ya washiriki, basi.

Karatasi na simu

Anza na vinavyoingia kwenye bahasha moja. Kitambulisho cha NIDA, au angalau namba yake yenye tarakimu 20 uliyoishika kichwani (8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, kwa hiyo zinazobaki za kukariri ni 12). Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi zao za kliniki, cheti cha ndoa, vyeti vya shule, kadi ya bima ya afya, mkataba wa kazi, hati ya mauziano ya kiwanja. Vyeti vya mitihani vya NECTA vina usumbufu mkubwa kuvipata upya, kwa hiyo vitoke kwanza. Cheti cha kuzaliwa kikigoma kutoka mikononi mwa mtu, usigombane naye: RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, hutoa nakala nyingine kwa kumbukumbu zilizopo, na ugomvi wa karatasi utawaamsha watu mapema. Kila ulichonacho kipige picha na ukitume kwenye barua pepe ambayo nywila yake unaijua wewe tu. Bahasha iwekwe kwa mtu asiyesali nanyi.

Kisha simu. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ikiwa laini unayotumia haimo, ni ya mtu mwingine, na mtu huyo anaweza kwenda kuirudisha kwa alama zake za vidole wakati wowote: anapata namba, anapata ujumbe wako na anapata njia ya kuifikia pesa iliyomo. Sajili laini yako, hamishia salio kwenye hiyo, kisha badilisha namba ya siri. Wengi hutumia mwaka wa ndoa au wa kuzaliwa mtoto, na mwenza anaujua. Usijitoe kwenye magrupu ya kanisa kwanza. Ukitoka, wasimamizi wa grupu (admin) hupata taarifa papo hapo, na wengine wanaweza kukuona kwenye orodha ya waliotoka.

Pesa

Kikoba cha kanisani ndicho kinachowashika wengi. Utaratibu wa kawaida unamruhusu mwanachama kukopa hadi mara 3 ya akiba yake, akidhaminiwa na wenzake. Mwenye hisa za 200,000 anaweza kuwa na deni la 600,000, na wadhamini wake ni mama wawili anaoimba nao. Akiondoka katikati ya mzunguko, hisa zinazuiwa kufidia deni, gawio linapotea, na wale mama wawili wanalipa tofauti. Hapo ndipo mtu aliyeondoka kwa dhamiri safi anapogeuzwa kuwa mwizi, na maneno hayo hufika sokoni kabla yake. Dawa ni kulipa mkopo wote, kutochukua mwingine, na kusubiri siku ya kuvunja kikoba, ambayo kwa vikundi vingi ni Desemba. Ukishagawiwa, unaaga tu kwamba mzunguko ujao hutakuwepo. Soma katiba ya kikundi uone wanadai taarifa ya muda gani.

Biashara inahitaji uangalifu uleule. Chukua mfano wa mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba. Mzigo anatumiwa na ndugu katika imani aliye Ukerewe, kwa mali kauli: anauza kwanza, analipa baadaye. Hakuna maandishi, kuna uaminifu wa dhehebu. Siku akitoka, uaminifu huo umekatika hata kama hana deni la shilingi moja, na gunia linalofuata haliji. Kwa hiyo miezi miwili au mitatu kabla, aanze kununua kwa mtu wa pili, hata magunia mawili, hata kwa taslimu na faida ndogo. Deni la kwanza alimalize na aandikiane na mwenzake karatasi yenye tarehe, kiasi na sahihi za pande mbili, mbele ya shahidi.

Zaka na ahadi si deni la kisheria. Kadi ya ahadi ya ujenzi uliyojaza haikupeleki mahakamani kwa njia ya kawaida. Kilichokwisha kutolewa nacho ni vigumu kurudi: kiwanja ulichokitoa kwa hiari, kikahamishiwa kwa bodi ya wadhamini ya kanisa, kihesabu kimeenda. Tofauti ni pale ulipojenga nyumba yako ndani ya eneo la jumuiya au ulipochangia ununuzi kwa makubaliano kwamba utakuwa na sehemu yako. Hilo ni shauri la ardhi. Linaanzia baraza la kata, ambalo siku hizi husuluhisha tu, na likishindikana linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nenda na risiti na majina ya mashahidi.

Anayeishi kwenye nyumba ya jumuiya, au aliyepanga kwa muumini mwenzake, apate chumba kabla ya kusema lolote. Hesabu yake tuifanye wazi. Tuseme chumba cha Buhongwa au Igoma ni 40,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi 6, yaani 240,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 40,000. Godoro, jiko, ndoo, sufuria mbili, na chakula cha mwezi wa kwanza: hapo 400,000 hadi 500,000 ndicho kianzio cha mtu mmoja. Asiyenacho aombe pa kulala kwa ndugu kwa muda unaotajwa, mwezi mmoja au miwili, kwa sababu ukarimu usio na tarehe huisha vibaya. Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa haihitaji kueleza sababu ya kuhama. Ikiwa mjumbe ni muumini mwenzako, mwambie umepata chumba karibu na kazi, na chagua chumba kilicho karibu na kazi kweli.

Ikiwa mwajiri wako ni taasisi ya jumuiya

Shule, zahanati na maduka ya vitabu ya madhehebu yameajiri watu wengi Mwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa dini kazini, isipokuwa pale dini ni sharti la asili la kazi yenyewe. Mwinjilisti aliyeacha imani hana hoja kubwa. Mwalimu wa hisabati, muuguzi au dereva ana hoja nzuri. Ukiachishwa, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Watu hupoteza haki hapa kwa sababu wanazungushwa na wazee kwa maneno ya "tutalimaliza kifamilia" mpaka siku ya 31. Kaeni kikao kama mnataka, lakini fomu iwe imeshafika. Ukiacha mwenyewe na unalipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28, kwa maandishi. Dai cheti cha utumishi na uhakikishe michango yako ya NSSF ilikuwa inapelekwa.

Ndoa na watoto

Kutoka kanisani hakuvunji ndoa. Ndoa iliyofungwa kihalali inabaki halali, na talaka hutolewa na mahakama chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, baada ya shauri kupita kwenye baraza la usuluhishi la ndoa na baraza kutoa hati kwamba limeshindwa, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria hiyo. Kuna mabaraza ya kidini na kuna baraza la kata. Anayeogopa kukaa mbele ya wazee walewale aende kata na aeleze hofu yake. Ndoa isiyotimiza miaka 2 haipelekwi kudaiwa talaka bila ruhusa maalumu ya mahakama.

Jambo ambalo wengi hawalijui: pale wanandoa walipokuwa wa imani moja, na sheria ya imani hiyo inaona kubadili dini ni sababu ya kuvunja ndoa, mwenza anaweza kuleta mabadiliko hayo mahakamani kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Mali iliyochumwa pamoja hugawanywa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, kazi za nyumbani zikiwemo, na kuacha dini hakufuti mchango huo. Waliobarikiwa na kiongozi asiye na leseni ya kufungisha ndoa, na hawana cheti, hawajaachwa mikono mitupu. Kifungu cha 160 kinatambua dhana ya ndoa kwa walioishi pamoja miaka 2 au zaidi wakajulikana kama mke na mume.

Kuhusu watoto, mahakama huangalia ustawi wa mtoto, wala haimpi mtoto mzazi fulani kwa kuwa ndiye anayesali. Kwa mtoto wa chini ya miaka 7 dhana ya sheria ni kwamba akae na mama, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kosa linaloharibu kesi ni kuwachukua watoto usiku na kupotea nao wakati hakuna hatari yoyote. Anayeondoka nao apite kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, Nyamagana au Ilemela au popote alipo, aache maelezo yenye tarehe. Kukiwa na kipigo au vitisho, aende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, apewe namba ya RB (namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi), na akiumizwa apate PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali). Jeraha likiwa baya, hospitali kwanza. Mwanza kuna shirika la Kivulini linaloshughulikia ukatili dhidi ya wanawake kwa miaka mingi, na chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kuna wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bila malipo. Ofisi ya kata inaweza kukuelekeza walipo.

Aliye chini ya miaka 18 yuko kwenye hali nyingine. Sheria bado inamweka chini ya wazazi, na kutoroka kumewaingiza wasichana wengi kwenye mikono mibaya kuliko ile waliyoikimbia. Ikiwa ananyimwa shule au matibabu au anapigwa, 116 na ustawi wa jamii ndiyo milango yake. Ikiwa ni ugomvi wa sketi na kwaya, ushauri wetu wa dhati ni amalize shule kwanza.

Mwili uliokuwa ukitunzwa kwa maombi peke yake

Hapa tunaomba msomaji asome taratibu. Waliotoka kwenye makundi yanayokataza hospitali hutoka na magonjwa yaliyolala.

Aliyeacha dawa za kufubaza VVU kwa sababu alitangaziwa amepona asizianze mwenyewe kwa vidonge vilivyobaki. Aende kliniki ya CTC, inayohudumia wanaoishi na VVU, aseme ukweli wa lini aliacha. Wahudumu hukutana na hali hiyo mara kwa mara, na wanahitaji tarehe hiyo ili kupanga vipimo. Wa kifua kikuu vilevile: dawa iliyokatizwa huweza kuzaa usugu, hivyo anapimwa upya kabla ya kuendelea. Mwenye kisukari au shinikizo la damu apimwe siku hiyohiyo. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa unaopatikana kwa wingi huku Kanda ya Ziwa, anahitaji kliniki ya kudumu. Homa kwake ni dharura, hata kama jana alikuwa anacheza.

Watoto ambao hawakuchanjwa wapelekwe zahanati na kadi, au bila kadi. Ratiba huendelezwa ilipokatika, haianzi upya.

Aliyetoka kwenye mfungo mrefu asipewe ugali na samaki wa kushiba siku ya kwanza, hata kama ndugu wamechinja kwa furaha. Mtu aliyekaa zaidi ya siku 5 bila chakula, au kwa chakula kidogo mno, akila kingi ghafla, madini ya damu yake hushuka kwa kasi na moyo unaweza kusimama. Apelekwe hospitali. Akiwa njiani apewe uji mwepesi kidogo kidogo.

Waliokuwa wakibeba kadi ya kukataa kuongezewa damu waitoe kwenye pochi siku walipobadili msimamo, wamwambie na ndugu wa karibu. Daktari wa mapokezi ya dharura akikukuta umezimia ataheshimu alichokikuta.

Na kuna usiku. Ndoto za moto wa jehanamu, kushtuka radi ikipiga, kuona kila homa ya mtoto ni laana iliyotabiriwa: haya huwapata hata walioondoka kwa uhakika kamili, na huweza kudumu miezi. Ni woga uliofundishwa mwili tangu utotoni. Haumaanishi kwamba ulikosea. Ukikosa usingizi wiki mbili mfululizo au ukaanza kufikiria kujidhuru, idara ya afya ya akili ya Hospitali ya Bugando inahudumia hali hizo.

Siku ya kusema

Kuna njia mbili: kufifia na kuandika barua. Kufifia ni kupunguza mahudhurio taratibu, kuachia majukumu moja moja, kuhama mtaa. Kunawafaa wenye wazazi wazee ndani ya jumuiya na wasiotaka jina lao litangazwe. Kasoro yake ni kwamba wazee watakuja nyumbani mara nyingi, na unabaki kwenye orodha. Barua inamaliza, lakini ina gharama, na gharama hiyo inategemea dhehebu. Kwa Mashahidi wa Yehova, anayejitenga kwa barua husomewa tangazo fupi kutanikoni kwamba si Shahidi wa Yehova tena, na baada ya hapo ushirika wa kijamii naye hukatwa. Kwa Waadventista Wasabato, barua ya kujitoa hupelekwa kwenye baraza la kanisa mahalia, haiishii kwa mchungaji peke yake. Kwa Wakatoliki, ubatizo ulioandikwa kwenye kitabu cha parokia haufutwi. Kinachoonekana mtaani ni kutohudhuria jumuiya ndogondogo. Kwa Waislamu hakuna barua ya kuandika, lakini kuna mirathi: kwa sheria ya Kiislamu asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, kwa hiyo mambo ya urithi na hiba yajadiliwe na mwanasheria kabla ya kutangaza chochote.

Barua ikiandikwa, iwe fupi kiasi hiki:

"Kwa Mchungaji na Baraza la Kanisa. Mimi (majina matatu) nawajulisha kwamba kuanzia tarehe (…) nimejiondoa katika ushirika wa kanisa hili kwa hiari yangu. Naomba jina langu litolewe kwenye orodha ya washiriki na ya michango. Nawashukuru kwa miaka tuliyokuwa pamoja."

Peleka nakala mbili, moja isainiwe kwamba imepokelewa. Usieleze sababu, kwani kila sababu iliyoandikwa hugeuka ajenda ya kikao.

Watakuja. Kwa kawaida jioni, watatu au wanne, pamoja na mama mmoja wa idara ya akina mama, na wataomba kusali kabla ya kuketi.

"Mwanangu, hatukuoni ibadani. Kuna nini?"

"Karibuni, wazee wangu. Nashukuru kwa kunijali. Nimeamua kutoendelea na ushirika, na nimelifikiria kwa muda mrefu."

"Nani amekukosea? Tuambie tumwite tuyamalize."

"Sina kesi na mtu, mzee."

Jibu hilo la mwisho ndilo la kushika. Ukitaja jina moja, hata la mtu aliyekutendea ubaya kweli, mazungumzo yanakuwa usuluhishi, na usuluhishi una kikao cha pili na cha tatu. Ukiingia kwenye mistari ya Biblia utashindwa, kwa kuwa wao ni wanne na wamejiandaa. Wakiomba wiki mbili za maombi kabla ya uamuzi, waambie wakuombee, ila uamuzi umeshafanyika. Wape chai. Usisaini karatasi yoyote, usikiri mambo ya chumbani, na usikubali kuitwa ofisini usiku peke yako. Aliyetendewa uhalifu ndani ya jumuiya, yeye au mtoto wake, anapeleka jambo hilo polisi. Wazee wa kanisa hawana kazi nalo.

Nani atanizika?

Hili ndilo swali linalowarudisha watu wengi kuliko hofu ya jehanamu. Msiba wetu unahitaji turubai, viti, masufuria makubwa, watu wa kuchimba, akina mama wa kupika siku tatu, na mtu wa kusimama mbele na kusema. Jumuiya ya dini hutoa vyote hivyo kwa simu moja. Anayetoka bila kuvitafutia mbadala amewaachia watoto wake mzigo.

Mbadala upo mtaani. Mitaa mingi ya Mwanza ina vikundi vya kufa na kuzikana visivyouliza mtu anasali wapi. Kuna kiingilio, mchango wa mwezi, daftari la mahudhurio, na masharti ya kusubiri kabla ya kuanza kunufaika, mara nyingi miezi mitatu au zaidi. Jiunge kabla ya kutoka kanisani ili muda huo upite ukiwa bado una pande zote mbili. Halafu hudhuria. Daftari linaangaliwa siku yako ikifika, na aliyezika wenzake huzikwa. Kwa wenye asili ya vijijini, Kwimba au Magu au Misungwi, ukoo bado una makaburi na una wazee wa kusema mbele ya watu bila kitabu cha dini. Waambie mapema, uso kwa uso, kwamba hutaki mwili wako ugombaniwe. Wosia ulioandikwa na kushuhudiwa na watu wasio warithi unaweza kutunzwa RITA, lakini wosia hufunguliwa baada ya maziko, kwa hiyo matakwa ya kaburi yajulikane kwa mtu aliye hai.

Miezi ya mwanzo baada ya kutoka, usijiunge na kundi lingine kali, usioe wala kuolewa, usikope mtaji mkubwa. Nafasi tupu ya Jumamosi au Jumapili asubuhi inauma, na kuna watu wanaojua kuijaza haraka. Ijaze na kitu chenye saa maalumu: timu ya mpira ya mtaa, shamba, kumsindikiza mama kliniki.

Ndugu waliobaki ndani hawajawa maadui. Wengine wanakwepa kwa sababu wamekatazwa, na wanaumia. Salimia kwanza, usijadili, peleka samaki nyumbani kwa wazazi kama ulivyokuwa ukipeleka. Kwenye arusi na misiba yao ingia kanisani, kaa nyuma, simama wanaposimama, toa rambirambi yako kwenye daftari kwa jina lako kamili. Mzazi akifariki akiwa bado muumini, ibada ni yao na mpangilio ni wao, na huenda wakakukatalia kusoma wasifu. Amsomee ndugu mwingine. Lakini kaa na wanaouandika jioni ile, uone orodha ya watoto wa marehemu ina jina lako na majina ya wanao, kabla hawajaupeleka steshenari kuchapwa.